Mradi Uko Amani, Akaunti ni ya Nani?

Uwanja wa Amaan wa Unguja, Zanzibar, ulifunguliwa mwaka 1970 kwa msaada wa China. Ukafumuliwa, ukajengwa upya, na Disemba 2023 ukafunguliwa tena, wiki chache kabla ya sherehe za miaka 60 ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mpita njia wa Amani, mtaa ulipo uwanja huo, aliyeuona ukijengwa anajua mradi kwa sura yake ya nje: nondo, saruji, jukwaa linalopanda juu.

Mradi wa siku hizi una sura nyingine isiyoonekana barabarani. Michoro, mpango kazi, hati za malipo, mikataba na picha za maendeleo ya kazi huwekwa kwenye huduma za wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali na kisiwa. Mkandarasi akiwa Fumba, mshauri mwelekezi akiwa Dar es Salaam na mfadhili akiwa Washington, wote hufungua faili lile lile. Kazi inakwenda mbio, na hilo ni jambo jema. Lakini fungua rejista ya vihatarishi ya mradi wa kawaida: utakuta mvua za masika, bei ya saruji, meli kuchelewa, shilingi kushuka. Nani anashika akaunti? Hapo hapajaandikwa kitu.

Pengo hilo huanza kwa haraka tu, bila nia mbaya. Barua pepe ya ofisi haijatoka, basi akaunti inafunguliwa kwa barua pepe binafsi ya afisa mmoja. Nywila inarushwa kwenye kundi la WhatsApp ili kazi isisimame. Afisa anahamishwa wizara, mtaalamu wa mkataba wa miezi sita anaondoka, na majina yao yanabaki kwenye mfumo na mamlaka yote. Fedha za mfadhili zikiisha, ada ya huduma hailipwi na akaunti inafungwa. Hakuna mwizi aliyeingia, lakini miaka mitatu baadaye fundi anayetafuta bomba limepita wapi hana mchoro.

Mwizi naye, akija, havunji mlango. Anaingia kwa nywila ile ile iliyosambazwa, anasoma barua kimya kimya, anajua hati ya malipo inayofuata ni ya kiasi gani na itatoka lini. Siku ikifika, mhasibu anapokea barua yenye nembo na lugha ya mkandarasi, ikisema akaunti ya benki imebadilika. Kwa hesabu za FBI, malalamiko ya utapeli wa namna hii yaliyoifikia kwa mwaka 2023 peke yake yalikuwa na hasara ya takriban dola bilioni 2.9. Kinachouzuia ni mhasibu kupiga simu kwa nambari anayoijua tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua.

Kuna hatari nyingine ambayo Unguja inaifahamu vizuri. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa karibu mwezi mzima. Disemba 2009 umeme ukakatika tena hadi Machi 2010, kwa sababu waya uliotoka bara ulikuwa mmoja na umechakaa. Waya mpya wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, ulikamilika mwaka 2013. Intaneti nayo hutegemea nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika, na mtandao ukadorora Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, ofisi ambayo mpango kazi wake wote uko mawinguni bila nakala ya ndani haina mpango kazi.

Kenya ilipata somo la aina yake. Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan liliuelemea mfumo wa eCitizen kwa maombi ya uongo, na lango la huduma za serikali zaidi ya 5,000 likayumba. Huduma nyingi zikipita lango moja, kulifunga hakuhitaji kuiba chochote.

Haya yote si hoja ya kurudi kwenye flashi inayozunguka steshenari hadi steshenari ikibeba virusi. Wingu likisimamiwa vizuri ni salama kuliko kompyuta ya mezani isiyo na nakala. Mpango wa Jamii ni Afya unaonyesha njia. Wahudumu wa afya ya jamii Unguja na Pemba hujaza taarifa za mama na mtoto kwenye simu hata pasipo na mtandao, na taarifa huenda kwenye seva mtandao ukirudi. Waliousanifu hawakudhani mtandao utakuwepo daima.

Sheria bado haijatosha. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na afya na ardhi ni miongoni mwa hayo. Kwa hiyo, katika sekta zinazobeba taarifa nyeti zaidi za wananchi, mkataba wa mradi ndio unaopaswa kusema yale ambayo sheria hiyo haisemi.

Na mkataba unaweza. Katika ujenzi, sehemu ya malipo huzuiliwa hadi kipindi cha matazamio kiishe, na jengo halihesabiwi kuwa limekabidhiwa wakati mkandarasi bado ameshika ufunguo. Kifungu cha malipo hayo yanayozuiliwa kiongezewe sentensi chache: akaunti ifunguliwe kwa jina la taasisi tangu siku ya kwanza, kila mtu awe na nywila yake na uthibitisho wa hatua mbili, aondokaye afutwe siku hiyo hiyo, nakala kamili ibaki Unguja, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka usimamizi wa akaunti ukabidhiwe kwa maandishi. Gharama yake ni ndogo mno kwa mradi wa mabilioni. Kinachotakiwa ni meneja wa mradi kulidai hilo kabla hajatia saini.