Filamu Bubu na Uhakiki wa Tamthilia

Mwalimu mwenzangu, ukiwaonyesha watahiniwa filamu bubu, kwanza watacheka. Watu wanatembea mbiombio kama siafu! Sababu ni ya kiufundi: nyingi zilipigwa kwa kasi ndogo, picha 16 hadi 20 hivi kwa sekunde, na zikionyeshwa kwa picha 24 mwendo huharakishwa. Waache wacheke, kisha uwatazamishe City Lights ya Charlie Chaplin. Ilitolewa mwaka wa 1931, miaka minne baada ya The Jazz Singer kuingiza mazungumzo katika sinema. Chaplin aliweka muziki lakini mazungumzo akayakataa makusudi.

Chunguza onyesho la muuza maua kipofu. Mzururaji fukara anapita ndani ya gari lililoegeshwa, anatokea upande wa pili na kuufunga mlango. Msichana anausikia mlango huo, naye anadhani mnunuzi wake ni tajiri. Sisi hatuusikii; tunausoma usoni mwake. Hicho ni kinaya: hadhira inajua asilolijua mhusika.

Watahiniwa wengi hupoteza alama papa hapa. Wakisoma tamthilia huyarukia maelekezo ya jukwaani kana kwamba mabano ni pambo. Basi wape zoezi hili: waandike maelekezo ya onyesho la mwisho, pale msichana, ambaye sasa anaona, anapomtambua mfadhili wake kwa kumgusa mkono. Wasiandike “anafurahi” wala “anahuzunika”. Waandike mkono unafanya nini.