Ubongo una ‘ruti’ zake kama vifodi vya Arusha, lakini ramani yake ilichorwa kwa vichwa vya nani?

Funga barabara moja tu pale Sakina asubuhi, halafu uone. Foleni itarudi hadi Ngaramtoni, na abiria wa Kilombero watasubiri vifodi mpaka wachoke, ingawa wao wako mbali na tatizo.

Ubongo nao uko hivyo. Unafanya kazi kwa mitandao, yaani maeneo yaliyo mbalimbali yanayoshirikiana. Ndiyo maana kiharusi kwenye sehemu ndogo kinaweza kuvuruga kazi inayotegemea pia sehemu ambazo hazikuguswa.

Ramani ilitoka wapi?

Mwaka 2011, Thomas Yeo na wenzake walichapisha ramani iliyotokana na picha za MRI za watu 1,000 waliokuwa wametulia tu ndani ya mashine. Waliangalia ni maeneo gani hupanda na kushuka pamoja. Ikapatikana mitandao 7, ukiwemo wa kuona, wa kusogeza mwili na wa umakini.

Picha mpya inalinganishwaje?

Kwanza, kompyuta hunyoosha picha ilingane na ubongo wa kielelezo, maana vichwa havifanani. Kisha hupima ni eneo kiasi gani limelaliana na kila mtandao. Kipimo cha Dice huanzia 0, yaani havigusani kabisa, hadi 1, yaani vimelaliana kabisa.

Mtego uko hapa: mtandao mkubwa hukutana na karibu kila kitu. Kwa hiyo kompyuta huzungusha ramani ovyo, hata mara 1,000, kuona kama mlingano huo ungetokea kwa bahati tu.

Sisi inatuhusu nini?

Watu wale 1,000 walikuwa vijana wenye afya, miaka 18 hadi 35, waliopimwa Marekani. Huku kwetu kiharusi kipo. Utafiti wa 2003 hadi 2006 ulikuta Hai, jirani tu na Arusha, visa vipya kama 109 kwa watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam kama 316, baada ya kusawazisha tofauti za umri.

Ubongo wa mzee wa miaka 70 si wa kijana wa 20. Ramani ile ni mwanzo mzuri, ila sio neno la mwisho.

Kwa hiyo ukisoma kwamba “sehemu ya ubongo imegunduliwa”, uliza mawili: wamelinganisha na ramani gani, na ilichorwa kwa vichwa vya nani?