Shemeji wa Taveta: Ndoa Peke Yake Haitoshi

Maji ya Bwawa la Nyumba ya Mungu huvuka mpaka bila pasipoti. Sehemu yake huletwa na Mto Ruvu kutoka Ziwa Jipe, na Jipe lina pande mbili: huku Mwanga, kule Taveta, Kenya. Watu nao wameizoea njia hiyo. Tangu bwawa lijengwe miaka ya 1960, mialo yake imevuta wavuvi na wachuuzi wa perege kutoka pande nyingi, na palipo na mwalo hapakosi posa.

Ndipo huzuka swali: kaka yetu kaoa Taveta, mahari imekwenda, watoto wawili wanasoma hapa. Je, shemeji si Mtanzania tayari?

Bado. Ndoa humpa mgeni sababu ya kuomba, lakini haimpi hadhi yenyewe. Uraia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humwondolea usumbufu wa viza pale Holili, ila muhuri anaogongewa una ukomo. Akikaa miaka kumi bila karatasi, miaka hiyo haigeuki kuwa halali kwa sababu tu majirani wamemzoea.

Aanze na cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila kama ile ya dini au ya serikali, lakini ofisa wa Uhamiaji haoni mbuzi wa mahari; anaona karatasi. Ndoa iliyofungwa mbele ya wazee na kuishia hapo isajiliwe kwanza wilayani. Ombi lenyewe hujazwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Uhamiaji. Orodha ya nyaraka na ada achukue kwenye mfumo huo au ofisi ya Uhamiaji iliyo karibu, si kwa kishoka.

Anachoanza nacho kwa kawaida ni pasi ya mtegemezi, yaani ruhusa ya kuishi na mwenyeji wake kwa muda uliotajwa. Hiyo si ruhusa ya kazi. Akitaka kuajiriwa, atahitaji kibali cha kazi chini ya sheria ya 2015 ya ajira za wageni. Tangu Julai 2025, amri ya serikali imewazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwemo za jumla na rejareja. Kwa hiyo hata beseni la perege analobeba kwenda gulioni linaweza kumletea kesi. Kiwanja nacho asikiandikishe kwa jina lake: kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hugawiwa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu.

Wenzetu wa Kenya wana ngazi ya kati. Sheria yao ya 2011 inamruhusu mwenza wa Mkenya kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa, na Katiba ya 2010 inampa haki ya kuomba uraia baada ya saba. Kwetu, mke anatoka kwenye pasi ya kuhuishwa moja kwa moja hadi kwenye uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa kuomba.

Hapo Sheria ya Uraia ya 1995 haiwatazami wote kwa jicho moja. Mwanamke aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Lakini binti wa Usangi akiolewa na Mtaita, mume huyo hana njia hiyo. Atapita njia ya wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia hiyo, jumla ya miaka isiyopungua saba.

Tajnisi ina gharama isiyolipwa kwa shilingi. Kenya inakubali uraia pacha. Tanzania haiukubali kwa mtu mzima. Shemeji atalazimika kuukana uraia wa kwao, kwa hiyo azungumze na wazazi wake kabla ya kuzungumza na ofisa. Watoto hawana shaka hiyo: baba yao ni Mtanzania, nao ni raia. Wapatiwe tu vyeti vya kuzaliwa.

Rudi kwenye yale maneno: mumewe akiwa hai. Mvuvi huingia bwawani usiku, na si kila mtumbwi hurudi. Akifa kabla ya ombi, mjane hawezi tena kuyaegemea maneno hayo. Atakuwa mama wa raia na mtunza kaburi la raia, naye bado mgeni. Mawifi wanaosema "huyu ni wetu" wasiishie hapo. Wamuulize kaka yao ni lini anampeleka mkewe Uhamiaji, na hiyo siku asishinde mwaloni.