Kivuli Kikifika Kabla ya Mwenyewe

Ukiteremka kwenye matatu ya kutoka Kitale pale Kachibora Jumapili asubuhi, utasikia vipaza sauti vya makanisa vikishindana. Tega sikio kidogo tu. Utasikia Isaka, Yusufu, Musa au Yona akitajwa, na mhubiri akisema kwa mkazo kwamba huyo alikuwa kivuli cha Masihi.

Je, mwanao akikuuliza mezani maana ya maneno hayo, utamjibuje?

Hebu fikiria mgeni anakuja kwako jioni, jua likiwa mgongoni mwake. Kivuli chake hufika mlangoni kabla yake. Kimo unakiona, labda na fimbo mkononi, lakini sura huioni. Hivyo ndivyo Wakristo wa kwanza walivyoyasoma maandiko ya Kiebrania. Waraka kwa Waebrania unatumia neno hilohilo, kivuli, naye Paulo akiwaandikia Warumi anamtaja Adamu kuwa mfano wa yule atakayekuja.

Mchukue Yusufu. Ndugu zake wanamuuza kwa vipande 20 vya fedha, kisha njaa inapoingia ni yeye anayewalisha walewale waliomuuza. (Kachibora, ambako gunia la mahindi ndilo karo ya shule na ndilo chakula, kisa cha maghala ya Misri hakihitaji mfasiri.) Yona naye alikaa siku 3 tumboni mwa samaki, na katika Mathayo 12 Yesu mwenyewe anajilinganisha naye. Hata majina yana lao: Yoshua, aliyewavusha watu Yordani, na Yesu, kwa Kiebrania ni jina moja.

Lakini kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio. Vivuli hivi havikujua kwamba ni vivuli. Yusufu alijua tu kwamba ameuzwa. Yona ndiye kabisa, alikuwa akitoroka kazi! Aliyekaribia kujua ni Musa, ambaye katika Kumbukumbu la Torati 18 anasema Mungu atainua nabii mfano wake. Hata hivyo kidole chake kilimwelekea mwingine, si yeye. Waliokuja nyuma ndio waliogeuka na kuutambua mfano.

Wayahudi, wenye maandiko hayo kabla ya Wakristo, hawakubaliani na usomaji huu. Mtumishi anayeteseka katika Isaya 53 wengi wao humwona kuwa ni taifa la Israeli. Si vibaya kijana wako alijue hilo mapema kuliko kulikuta chuoni likamtikisa.

Kisha kuna nyoka wa shaba. Katika Hesabu 21 Musa anamtundika juu ya mti, na walioumwa na nyoka wanamtazama na kupona. Katika Yohana 3 Yesu anamfanya mfano wa kuinuliwa kwake. Mfano mzuri ulioje! Ila fungua 2 Wafalme 18. Karne nyingi baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba nyoka yuleyule, hata mfalme Hezekia akamvunjavunja. Kivuli kilikuwa kimegeuzwa mungu.

Na watu wakibanwa, ndivyo hufanya. Mwaka 132 Wayahudi waliokuwa chini ya Roma walimwandama Simon Bar Kokhba, na mwanachuoni mkubwa Akiva akasema huyo ndiye nyota iliyotabiriwa katika Hesabu 24. Kufikia mwaka 135 Roma ilikuwa imeyazima maasi hayo kwa umwagaji damu wa kutisha. Bungoma nako wazee wanamkumbuka Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, aliyefariki 1987. Wafuasi wake walimwona nabii wa kuwaondolea mkoloni, na mwezi Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi pale Malakisi. Masinde alipelekwa kizuizini Lamu. Simlinganishi na matapeli. Kilio cha ardhi kilikuwa cha kweli.

Karibu zaidi na siku zetu, kule Tongaren, Eliud Wekesa amejulikana nchi nzima kwa kusema yeye ndiye Yesu. Mei 2023 polisi walimhoji na kumzuia kwa siku kadhaa, kisha mahakama ikamwachilia. Wengi walicheka. Lakini mwaka huohuo, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ikiwa ya watu walioamini kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto, ambao hawakuchagua lolote.

Basi mtoto akikuuliza mezani, usimkatize. Mfungulie Mwanzo 22. Isaka anapanda mlima akiwa amebeba kuni atakazochomewa yeye mwenyewe, naye anamuuliza babake: moto upo, kuni zipo, mwana-kondoo yuko wapi? Ibrahimu anamjibu kwamba Mungu atajipatia. Simama hapo, kisha mwambie mtoto asome kwa makini ni mnyama gani aliyekutwa amenaswa kichakani. Ni kondoo dume. Mwana-kondoo aliyetajwa na Ibrahimu hakuonekana siku ile.