Lijue Umbo la Jicho Lako Kabla ya Kushika Wanja

Akina mama wengi hujipaka wanja kwa kumwiga jirani au mwenzao wa kanisani. Jirani amependeza, nasi tunanunua penseli kama ile ile na kujipaka vile vile, kisha tunashangaa kuona tumefanana na mtu aliyekesha msibani. Kosa si la penseli wala la sura. Macho hayafanani, na kinachomfaa mwenye macho ya mviringo humharibu mwenye kope nzito.

Swali tunaloulizwa kwanza katika vikundi vya akina mama ni kama ni halali mwanamke anayemcha Mungu kupaka macho rangi. Wengi humkumbuka Yezebeli, aliyejipaka macho siku aliyokufa. Wachache hukumbuka kwamba Ayubu alimwita binti yake wa tatu Keren-hapuki, na kwa Kiebrania jina hilo maana yake ni pembe ya wanja, yaani chombo cha kuwekea wanja. Basi wanja ulikuwa usoni mwa mwovu, na pia ulitajwa kwa heri katika nyumba ya mwenye haki. Kila mama na aamue kwa dhamiri yake na kwa kusikilizana na mumewe. Hapa tunazungumza na yule aliyekwisha kuamua, ili ajipake kwa akili na bila kujidhuru.

Jinsi ya kulitambua umbo la jicho lako

Nawa uso kwa maji safi na sabuni, ujifute, kisha keti karibu na dirisha wakati wa mchana. Taa ya chumbani hudanganya. Funga nywele nyuma, shika kioo kiwe sawa na macho yako, usikiinue wala kukishusha. Tazama mbele bila kucheka wala kukunja uso. Sasa jiulize maswali haya:

1. Je, weupe wa jicho unaonekana juu au chini ya lile duara jeusi au la kahawia? Ukionekana, macho yako ni ya mviringo. Ikiwa duara linagusa kope ya juu na ya chini, na ncha za jicho zimechongoka, una macho ya umbo la lozi.

2. Je, unauona mkunjo wa kope ya juu ukiwa umefumbua macho? Ikiwa ngozi ya chini ya nyusi imeushukia na kuuficha, una kope zilizofunikwa. Wengine huzaliwa nazo, wengine huzipata baada ya miaka arobaini ngozi inapolegea.

3. Je, jicho limeingia ndani na mfupa wa nyusi umetokeza? Au jicho lenyewe ndilo limetokeza na kope yote inaonekana?

4. Vuta kwa mawazo mstari ulionyooka kati ya ncha ya jicho iliyo karibu na pua na ile ya nje. Ncha ya nje iko juu ya ile ya ndani, au imeshuka chini yake?

5. Nafasi iliyo kati ya macho yako inatosha jicho jingine moja? Ikiwa ni ndogo zaidi, macho yako yamekaribiana. Ikiwa ni kubwa zaidi, yameachana.

Usishangae ukijiona katika maswali mawili au matatu. Mtu aweza kuwa na macho ya mviringo yaliyoachana. Usishangae pia jicho la kulia lisipofanana kabisa na la kushoto, kwa maana ndivyo tulivyo karibu wote.

Lipi linamfaa nani

Macho ya lozi. Hayana shida. Anza na mstari mwembamba karibu na pua, uuongeze unene kidogo uelekeapo nje. Usijaze mno, umbo lenyewe linatosha.

Macho ya mviringo. Usiyazungushie wanja juu na chini, yatazidi kuonekana kama ya mtu aliyeshtuka. Paka theluthi ya nje tu ya kope ya juu, na uivute rangi kidogo kuelekea nje.

Kope zilizofunikwa. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu rangi huonekana wakifumba macho na kumezwa wakifumbua. Paka ukiwa umefumbua macho na kutazama mbele. Weka rangi isiyong'aa juu kidogo ya pale ngozi inapokunja, ili ibaki ikionekana. Wanja uwe mwembamba sana. Maskara ndiyo itakayoyafumbua macho yako, lakini iache ikauke kabla hujatazama juu, isije ikachapa alama kwenye ngozi.

Macho yaliyoingia ndani. Weka rangi nyepesi juu ya kope, na ile nzito ibaki kwenye kona ya nje. Rangi nyeusi kwenye mkunjo huyazamisha zaidi.

Macho yaliyotokeza. Fanya kinyume chake. Rangi ya kahawia isiyong'aa juu ya kope yote huyatuliza. Rangi zenye kumeremeta ziache kwa wengine.

Macho yaliyoshuka nje. Usiufuate mstari wa kope mpaka mwisho, maana utaishusha sura na watu watakuuliza una huzuni gani. Simama kabla ya kona, uupandishe kidogo. Maskara iwe nyingi zaidi kwenye nywele za nje za kope ya juu. Mwenye macho yaliyopanda aongeze rangi kidogo chini ya kona ya nje, hapo mizani itakuwa sawa.

Macho yaliyokaribiana. Rangi nyepesi ikae upande wa pua, nzito upande wa nje. Kwa yaliyoachana, rangi nzito ianzie karibu na pua.

Kuhusu rangi zenyewe, ngozi yetu nyeusi na ya maji ya kunde hupendezwa na kahawia, shaba, dhahabu iliyokolea na zambarau iliyoiva. Zile rangi hafifu zenye unga mweupe hugeuka jivu usoni. Na mama mwenye mikunjo kwenye kope akumbuke kwamba chenye kumeremeta huonyesha kila mkunjo.

Wanja usiofaa

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunajua kwamba Jumatatu baada ya harusi huja macho mekundu. Mara nyingi bibi harusi na wasimamizi wake wamepakwa kwa burashi moja na maskara moja. Vijidudu havijui undugu. Penseli ya macho na maskara ni kama mswaki, haviazimani hata na dada wa tumbo moja. Ukienda saluni, beba vya kwako. Vivyo hivyo kwa wembe wa kunyolea nyusi: uwe mpya, wa kwako peke yako, kwa sababu damu kidogo tu yaweza kubeba virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini.

Maskara ikifikisha miezi mitatu tangu ifunguliwe, itupe hata kama haijaisha. Ikikauka, usiilainishe kwa mate wala kwa maji. Ukiugua macho mekundu, tupa vyote ulivyotumia na usijipake mpaka upone. Usipake wanja ndani ya ukingo wa kope, kwa kuwa hapo ndipo penye vitundu vya mafuta yanayolinda jicho. Vikiziba, jicho hukauka na kuwasha, au huota chokea. Usijipake ukiwa ndani ya daladala. Shimo moja barabarani latosha kuchoma mboni. Na usiku, hata ukiwa umechoka namna gani, futa kwa pamba safi na mafuta kidogo, kisha nawa.

Lipo jambo moja zito zaidi. Wanja wa manga wa asili katika nchi nyingi hutengenezwa kwa jiwe liitwalo galena, ambalo ni madini ya risasi. Wamisri wa kale waliutumia, na hadi leo wanja wenye risasi huuzwa madukani na sokoni bila maelezo yoyote juu ya chupa. Risasi huingia mwilini, hasa kwa mtoto anayejifikicha macho kisha akanyonya vidole. Huharibu ubongo unaokua, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa hiyo, mama, usimpake mtoto mchanga wanja machoni, kwenye nyusi wala kitovuni, hata kama bibi yake anasisitiza. Mweleze bibi kwa heshima, umkumbushe kwamba anachokitaka yeye na unachokitaka wewe ni kimoja, yaani mtoto mwenye afya. Dawa ya macho anayohitaji mtoto ni ile anayopakwa na mkunga baada ya kuzaliwa. Mama mjamzito na anayenyonyesha nao wauepuke wanja wasioujua.

Kioo kinaposema zaidi ya urembo

Faida kubwa ya kulijua umbo la jicho lako ni kwamba litakapobadilika, utajua. Usikimbilie kuficha badiliko kwa rangi. Zingatia haya:

1. Kope moja ikishuka ghafla, hasa mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, huenda ni kiharusi. Nenda hospitali saa ile ile, usingoje kesho.

2. Macho yakianza kutokeza kuliko zamani, huku moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka na mwili ukikonda, yafaa tezi ya shingoni ipimwe.

3. Weupe ukigeuka manjano, ini lichunguzwe. Ndani ya kope ya chini pakiwa peupe badala ya pekundu, damu ipimwe.

4. Mjamzito akivimba uso na kope, akaumwa kichwa sana au kuona maluweluwe, awahi kliniki siku hiyo hiyo. Huenda ni dalili za kifafa cha mimba.

5. Nywele za kope zikigeuka na kuchoma jicho, usizing'oe nyumbani miaka nenda miaka rudi. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, unaopofusha. Upo upasuaji mdogo wa kurekebisha kope.

6. Mboni ya mtoto ikionyesha weupe, au iking'aa kama jicho la paka, mpeleke kwa daktari wa macho upesi. Huenda ni saratani, nayo ikiwahiwa hutibika.

Yote haya yanaonekana kwa dakika mbili mbele ya kioo. Mama anayezipata dakika hizo kila Jumamosi, kabla ya kazi za nyumbani kumzidi, atapendeza Jumapili, na huenda siku moja akaokoa macho ya mwanawe au maisha yake mwenyewe. Jumamosi hii jitazame wewe kwanza, kisha uwaite watoto mmoja mmoja dirishani uwatazame na wao.