Fahamu: Plau, chizeli au kutolima kabisa?

Kabla ya mvua za masika, mashamba ya mahindi ya Uasin Gishu, hata vipande vilivyosalia pembeni mwa mtaa wa Langas mjini Eldoret, hulimwa kwa trekta.

Plau
Diski zake hugeuza udongo na kufukia magugu. Kisha haro huvunja mabonge. Ila ukilima kina kilekile kila mwaka, chini hujengeka tabaka gumu. Chimba shimo: mizizi ya mahindi ikipinda kando ghafla, ndilo hilo.

Chizeli
Meno yake hupasua tabaka hilo bila kupindua udongo. Ardhi iwe kavu. Yenye unyevu haipasuki.

Kutolima
Mbegu hupandwa katikati ya mabua yaliyoachwa shambani. Gharama ya trekta hupungua, ya dawa ya magugu hupanda. Ugumu ni mabua yenyewe: hapa ni chakula cha ng'ombe, na mfugaji wa maziwa hayaachi kirahisi.