Kete 64 na Hukumu Zake: Juu ya Wepesi na Undani wa Kanuni za Michezo

Mtu atokaye katikati ya mji wa Mwanza kwa barabara ya Musoma, akaipita stendi ya Buzuruga na kuingia Nyakato wakati jua linapoelekea kuchwa, saa ambayo watu wa viwandani hutawanyika kurudi majumbani na wachuuzi huanza kuwasha mikaa ya kukaangia samaki, aghalabu hakosi kuona, chini ya mti au katika baraza ya duka, kundi la watu walioinamia ubao wenye mashimo, wawili wakicheza na wengine wote wakishiriki kwa macho na kwa ndimi. Hilo ni bao, mchezo ambao pwani ya Waswahili iliulea hata ukakomaa, na ambao Wasukuma nao, wenyeji wa nchi hii ya ziwa, wanao wa nasaba yake, uitwao isolo.

Linalonisukuma kuuandikia mchezo huu ni swali ambalo wabuni wa michezo ulimwenguni hawaachi kulijadili: kanuni za mchezo ziwe nyepesi kwa kadiri gani, ili mgeni aingie bila hofu, na ziwe na undani kwa kadiri gani, ili mwenyeji asizichoke baada ya mwezi mmoja? Wengi hudhani kwamba wepesi na undani ni maadui, na kwamba aongezaye kimoja hana budi kukipunguza kingine. Mimi naona dhana hiyo ni pungufu, na shahidi wangu wa kwanza ni ubao huo wa Nyakato.

Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32, na kete 64, ambazo pwani huwa ni komwe, zile mbegu ngumu za mkomwe, na huku ziwani huweza kuwa vijiwe tu vilivyookotwa. Kila mchezaji anamiliki safu 2, ya mbele na ya nyuma, na kete zake hazivuki upande wa pili ila kwa kuliwa. Kiini cha sheria zote ni tendo moja, kuchota kete na kuzisambaza moja moja kwa mfuatano. Katika zamu ya kula, kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linaloelekeana nalo likiwa na kete pia, zile za mpinzani huliwa na kusambazwa upya kuanzia kichwani, yaani shimo la mwishoni mwa safu ya mbele. Ikiangukia penye kete lakini hapana cha kula, mchezaji huchota zote na kuendelea. Na ikiangukia patupu, hulala, na zamu humwendea mwenzake. Aliyeishiwa kete katika safu ya mbele, au aliyekosa la kucheza, ameshindwa. Mtoto mwenye akili ya kawaida huyafahamu hayo katika kikao kimoja.

Walakini mtoto huyo akicheza na fundi, atashindwa mara nyingi sana kabla hajajua hata sababu ya kushindwa kwake, kwa kuwa undani wa bao umefichwa mahali ambapo macho ya mgeni hayatazami. Mchezo hauanzi na kete zote ubaoni. Kila mmoja huweka kete 6 katika nyumba, shimo la 5 kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele, ambalo aghalabu huchongwa mraba lijulikane, na kete 2 katika kila moja ya mashimo 2 yaliyo kuliani mwa nyumba hiyo. 22 zilizobaki hukaa mkononi, akizinamua, yaani kuzishusha ubaoni, moja moja kwa kila zamu hata ziishe, ndipo uingie mtaji, sehemu ya pili, ambapo kete zote zimekwisha kushuka na kazi iliyosalia ni kuzitembeza. Nyumba ndiyo hazina, nayo ina hukumu zake. Maadamu ingali na kete 6 au zaidi, mchezaji anayekula, kete yake ya mwisho ikifika humo, anayo hiari: alale, akaihifadhi akiba yake, au asafiri, yaani aivunje nyumba na kuzisambaza kete zote kwa tamaa ya kula zaidi. Na mtu asiye na cha kula, aliyebanwa hata hana pa kutakatia, yaani pa kusambazia bila kula, ila nyumba, hatakiwi kuimwaga yote. Huchukua kete 2 tu na kuzibakiza zilizosalia.

Tazama jinsi kanuni hiyo ilivyo fupi na jinsi inavyogusa mambo mengi. Mwenye nyumba kubwa ana utajiri, lakini utajiri wake umekaa safu ya mbele, ambako mpinzani akilipata shimo linaloelekeana nao ataula wote kwa mkupuo mmoja. Akiuvunja mapema hupata nguvu ya mara moja na kupoteza ngome. Akiukalia mno huenda asiuvunje kwa hiari yake kamwe. Hakuna sheria ya tahadhari iliyoandikwa, wala ya tamaa, wala ya kumvizia tajiri, na hata hivyo yote matatu yamo. Kanuni ya nyumba imeshikana na ile ya kula, na ya kulala, na ya kichwa, kama fundo la wavu lishikanavyo na mafundo ya jirani, hata ukivuta moja hutikisika yote. Huo ndio undani ninaousifu: unatoka katika kushikana kwa kanuni, na idadi yake haina sehemu kubwa katika jambo hilo.

Sisemi kwamba bao halina uzito. Ipo kanuni ya kutakasia, ambayo wachezaji wa miaka mingi bado hubishana juu yake. Mchezaji asiye na cha kula hutakata, na ikiwa baada ya kutakata kwake mpinzani naye hana cha kula, huku shimo moja tu la mpinzani huyo likiwa katika hatari ya kuliwa, basi shimo hilo hufungwa, mwenyewe asiweze kulichota katika zamu ile ili kulinusuru. Kanuni hiyo ina vighairi vyake, mathalani nyumba haifungwi, na hapo ndipo mwanafunzi hukuna kichwa. Kwa maoni yangu hapa bao limefika ukingoni mwa uzito unaostahimilika. Hata hivyo siwezi kutaka kanuni hiyo ifutwe, kwa sababu ndiyo inayompa mtu asiye na cha kula silaha ya kushambulia, na bila hiyo zamu nyingi za kutakata zingekuwa za kungoja tu.

Hekima ya watu wa pwani ilikuwa katika namna ya kumfikisha mwanafunzi huko. Walimwekea bao lake, linaloitwa bao la kujifunza, ambamo kila shimo hupewa kete 2, kunamua hakumo, na mchezo huanza moja kwa moja kwenye mtaji. Mwanafunzi hapewi kipande cha mchezo. Hupewa mchezo mzima wenye mwanzo, ushindi na fedheha ya kushindwa, na kila anachojifunza humo kitamfaa atakapoingia katika bao kubwa. Waganda, ng'ambo ya ziwa, katika omweso wao wa mashimo 32 na kete 64, walichagua njia nyingine: kila mchezaji huzipanga kete zake 32 apendavyo kabla ya kuanza, basi mgeni huzipanga kwa urahisi wowote, na bingwa huanza vita katika mpango wenyewe. Umahiri wa mabingwa wa Zanzibar ulipata hata kuwa maudhui ya tasnifu, aliyoitoa Alex de Voogt katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwaka 1995.

Sasa natoka barazani niende mbali kidogo, kwa kuwa swali hili limepata uhai mpya katika aina ya michezo ambayo vijana wetu wameanza kuisikia, michezo ya kuigiza mezani. Watu 4 au 5 hukaa pamoja. Mmoja huwa msimulizi, na kila mmoja wa wengine hujitwalia mhusika, awe mwindaji, mganga au askari. Msimulizi hueleza mahali na tukio, mchezaji husema mhusika wake afanyalo, na pale ambapo haijulikani kama atafaulu, dadu hurushwa na kanuni zikatoa hukumu. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulitolewa mwaka 1974 huko Lake Geneva, mji mdogo wa Marekani ulio nao kando ya ziwa, ukiwa katika vijitabu 3 ambavyo wasomaji wengi waliona vigumu kuvifuata. Mwaka uliofuata Ken St. Andre wa Arizona, ambaye vijitabu hivyo havikumridhisha, alitunga mchezo wake, Tunnels & Trolls, wenye sheria nyepesi zaidi na dadu za kawaida za pande 6. Mwaka 1977 wenye Dungeons & Dragons wenyewe waliugawa mchezo wao: upande mmoja toleo la wanaoanza, lililohaririwa na J. Eric Holmes na kuishia daraja la 3 la mhusika, na upande wa pili toleo la waliobobea, ambalo majuzuu yake makubwa yaliendelea kutoka hadi 1979.

Msomaji ataona mara moja kwamba walikuwa wakitafuta lile lile ambalo bao la kujifunza hulitoa. Lakini njia zao mbili ziliachana, kila moja ikawa na kanuni zake na vitabu vyake, hata aliyezoea ya kwanza akiingia ya pili alikuta mengi ya kujifunza upya. Na hilo kwangu ni kasoro kubwa, maana ngazi ya mwanafunzi yapaswa kumfikisha katika nyumba ile ile.

Kuna jambo la pili lisilosemwa vya kutosha, nalo ni nani anayeubeba mzigo wa kanuni. Jeshi la Prussia lilikuwa na mchezo wa vita wa kuwafundishia maofisa, uliotungwa na Luteni von Reisswitz mwaka 1824, wenye ramani, dadu na majedwali ya kuhesabia hasara. Ukawa mzito hata mwaka 1876 Jenerali Julius von Verdy du Vernois alishauri majedwali yawekwe kando, na mwamuzi mzoefu akate hukumu kwa maarifa yake mwenyewe. Mchezo ukawa mwepesi kwa wachezaji, lakini uzito haukutoweka, ulihamia kichwani mwa mwamuzi, na palipokosekana mwamuzi hodari mchezo ulikuwa hauna kitu. Katika baraza za Nyakato mzigo huo hubebwa na watazamaji. Hakuna kitabu mezani. Mchezaji akichota shimo lisilostahili, sauti tatu humkataza kabla kete hazijaanguka, na ubishi juu ya kutakasia huamuliwa na mzee ambaye wote wanamkubali. Ndiyo maana bao liliweza kuibeba kanuni ngumu kwa vizazi vingi bila karatasi, na ndiyo maana pia halikuzidisha: kanuni isiyokaa katika kumbukumbu ya umati hufa yenyewe.

Wepesi mtupu nao hautoshi. Kurusha shilingi kuna kanuni moja, na hakuna mtu aliyezeeka akijifunza kurusha shilingi. Mashindano ya ngoma ya Wasukuma, baina ya vyama vya Bagika na Bagalu, ambayo mpaka leo huonekana Bujora, Kisesa, mwendo mfupi kutoka Nyakato kwa barabara ile ile, nayo yana kanuni moja kuu: pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Tofauti ni kwamba kanuni hii humlazimisha manju kutafuta kila ambacho mwanadamu aweza kukitazama, utunzi wa nyimbo, nyoka, vinyago, mizungu ya kila namna, na kila alichokibuni jana mpinzani wake atakijibu leo.

Na michezo ya kuigiza kwa maneno matupu si migeni kwetu. Anayetega kitendawili, wenzake wakishindwa kukitegua, hudai apewe mji. Hupewa Bukoba akaukataa, akapewa Dar es Salaam akaukubali, kisha husimulia safari yake, alivyopokewa na alichokula huko, ndipo atoe jibu. Kanuni ni ile moja ya mji, na ndani yake mtoto amekwisha kuwa msimulizi, mhusika na mfanya biashara ya maneno. Nasikitika kwamba wabuni wachache wa Kiafrika wameitazama hazina hiyo kwa jicho la kazi.

Kwa hiyo nathubutu kupendekeza. Kijana wa Mwanza atakaye kutunga mchezo wa kuigiza juu ya maisha ya ziwa asianze kwa kuorodhesha mitumbwi, injini na nyavu. Aanze na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazina nguvu ya kuwavuta, wavuvi wakapumzika. Basi kila kikao kiwe usiku mmoja wa mwezi, na jinsi mwezi ukuavyo ndivyo kipunguzwe kile ambacho dadu imetoa katika uvuvi. Kwa kanuni hiyo pekee, mwenye mtumbwi atajua lini akope na lini alipe. Mama anayeanika dagaa mwaloni atapanga akiba ya siku za mbalamwezi. Kijana mwenye deni atashawishika kutoka usiku usiofaa, wakati mawingu yamefunga juu ya Ukerewe na wenzake wamebaki nchi kavu. Na msimulizi hatahitaji jedwali la kumwambia ni lini ugomvi utazuka kambini. Kanuni za bei ya kila ndoo, unene wa kila uzi na uzito wa kila nanga zaweza kungoja kitabu cha pili, nacho kisiandikwe kabla wachezaji wenyewe hawajakidai.